Nyasi za Simbilisi

Kyuso, 9 Agosti 1986

Mwanangu Munyiva,

Mimi jino linanisumbua, sijala ndengu wiki nzima. Baba yako anatapika tangu Jumapili.

Simbilisi uliotuachia, wale wadogo wasio na mkia, wamekufa wote wanne. Baba yako anasema nyasi zao zilishika ukungu. Uongo! Nilizikausha mwenyewe, zikanukia vizuri. Yeye ndiye aliyeziweka juu ya magunia ya ndengu, baada ya kuzimwagia ndengu dawa ya wadudu mara mbili. Nimeuona unga mweupe kwenye nyasi.

Hataki nikuandikie, ati nitamwaibisha. Wacha aaibike. Zile ndengu nilizompa Hirsi wa lori akuletee Makindu, zitupe. Kama mtoto ameshakula, usikae kunijibu. Mkimbize hospitali.

Mama yako,
Kalekye