Vijiti Kwenye Matuta ya Viazi

Jumatatu, 9 Januari 1995

Mvua tangu alfajiri. Nimekohoa kwenye kona ya jiko kama kila siku, nikangoja, nikasikia ndala zikikimbilia nyuma ya nyumba, ndipo nikashuka bustanini. Tumpe, mke wa mwanangu Lusajo, hakutani nami uso kwa uso. Ndiyo mila yetu Wanyakyusa: mke wa mwana na baba mkwe hawaonani, hawasemezani, hawapishani njiani. Mchungaji anasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Mimi naona yana faida yake. Mwanamke asiyeruhusiwa kukusemesha hawezi kukujibu.

Viazi vyangu vimefika magotini. Matuta manane, yamenyooka kama mistari ya daftari. Yeye ana matuta manne kule chini kwenye majimaji. Aina tatu kazichanganya, virefu na vifupi, vingine vimenyong'onyea kama vimefiwa. Aibu kuvitazama.

Makubaliano ni ya mke wangu, Mama Lusajo. Kila mmoja apande mbegu yake, na siku ya kuchimba, mbegu iliyofanya vizuri ichukue bustani nzima. Nilikubali upesi. Tangu kiwanda cha chai kipate mwenyewe mpya na makarani tukapunguzwa, bustani hii ndiyo mshahara. Tunaila. Haiwezi kuachiwa binti wa kijijini Suma aliyeishia darasa la saba.


Jumatano, 11 Januari

Niandike hapa nilivyochagua mbegu, mtu asije akasema nilibahatisha.

Zamani ushirika ulileta mbegu ya aina moja, upende usipende. Siku hizi soko huria. Kila mwenye gunia ni bwana shamba. Pale sokoni Tukuyu niliwapita wauzaji watatu, waongo wote, hata macho yao yalikuwa yanaomba radhi. Wa nne alikuwa na viazi vikubwa kama ngumi ya fundi mwashi, ngozi laini, macho machache. Vimetoka Kenya, akasema. Nilichambua kimoja kimoja, vidogo nikavirudisha. Watu wa hapa Ibighi wanakula vikubwa, wanapanda vidogo, halafu wanashangaa wakivuna gololi. Wajinga. Mimi nilipanda vikubwa.

Tumpe mbegu yake alikuja nayo kutoka kwao mwaka alioolewa, kikapu kimoja, kila kiazi sawa na yai. Nilipocheka, Mama Lusajo akasema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Mke wangu ana methali kuliko unga.


Jumapili, 15 Januari

Baada ya ibada nimeshuka bustanini na suti yangu. Viazi vimetoa maua. Na kwenye matuta ya Tumpe kuna vijiti.

Vijiti vya matete, kila kimoja kimefungwa utepe wa kitambaa chekundu juu. Kimesimama shina hili, kimeruka manne, kimesimama shina lile. Wala si mashina marefu. Hakuna mpango wowote. Nimeviangalia mpaka viatu vikaloa.

Zindiko. Hirizi za viazi! Kwenye nyumba ya mzee wa kanisa. Nimemuuliza Mama Lusajo vijiti vya nini. Akasema, "Muulize mwenye vijiti." Anajua siwezi.


Jumatatu, 16 Januari

Nimeving'oa. Ishirini na vitatu. Nimechochea navyo moto wa maji ya kuoga. Nimeoga vizuri sana.


Alhamisi, 19 Januari

Vimerudi. Bila tepe safari hii, na vichache zaidi. Anadhani kilichonichukiza ni rangi. Nimeng'oa tena, nikavivunja vipande na kuviacha pale pale kwenye mfereji avione.

Nilimsikia jikoni akimwimbia mtoto. Halafu akanyamaza ghafla, nadhani ndipo alipotoka na kuviona. Nilifurahi. Daftari hili halina msomaji mwingine, kwa hiyo naandika ukweli: nilifurahi.


Jumamosi, 21 Januari

Hakuna kijiti. Ameelewa.

Mboga aliyopika Tumpe ina chumvi ya kuua ng'ombe. Mama Lusajo ameila yote.


Ijumaa, 27 Januari

Mvua siku ya sita bila kupumzika. Nimeona madoa kwenye majani yangu, kahawia, kama yameguswa na sigara. Kidogo tu, tuta la kwanza.

Jirani yangu Mwakalinga amesimama njiani na mwavuli uliovunjika mbavu, akasema huo ni ukungu, ndugu yangu, mbegu kubwa za sokoni haziuwezi. Mwakalinga hajui hata kufunga vifungo vya shati lake, kimoja kiko juu kimoja kiko chini. Huyo ndiye wa kunifundisha. Nimemwambia ni baridi tu, itapita.


Jumatatu, 30 Januari

Haijapita. Matuta matano meusi. Harufu inafika mlangoni. Nimenunua dawa ya unga kwa kijana mmoja stendi. Nimeinyunyiza asubuhi, saa sita mvua imeiosha yote ikaenda mtoni. Sijui kama ilikuwa dawa.

Namchukia Mwakalinga.


Jumapili, 5 Februari

Sikwenda kanisani. Kichwa.

Yangu yamelala yote manane. Kwa Tumpe nako ukungu umepita, mashina ya viazi vyekundu umeyachoma. Lakini humo humo kuna mashina yamesimama ya kijani, moja hapa, moja pale, kama watu waliokataa kutoka nyumbani. Nimetafuta sababu. Udongo ni ule ule. Mvua ni ile ile. Maji yamejaa huko kuliko kwangu.

Bahati. Wapumbavu wana bahati, hilo linajulikana.


Ijumaa, 24 Februari

Tumechimba.

Matuta yangu manane: ndoo mbili na nusu, na ndoo moja kati ya hizo ukibonyeza kiazi kinatoa maji ya kunuka. Kuku wamekataa. Matuta yake manne: ndoo saba. Mama Lusajo hakusema hata methali moja. Ningependa angesema.

Basi nimeshindwa. Nikasema vizuri, bustani nzima ni yake, achukue mbegu apande, kelele za nini. Hapo ndipo mke wangu akanivuta mkono hadi dirishani.

Tumpe alikuwa amekaa mbele ya lundo lake, mtoto mgongoni, ananipa kisogo. Anaokota kiazi, anakigeuza, anakirudisha. Anaokota kingine. Mchana kutwa amekuwa hivyo, kasema Mama Lusajo. Hawezi kuchagua.

Halafu akaniambia, polepole, kama mtu anayemwelekeza mlevi njia ya kwake. Mbegu haichaguliwi kwenye lundo. Inachaguliwa shambani, viazi vikiwa na maua, majani yakiwa bado yanasema kweli. Shina lenye majani yaliyojikunja ni gonjwa, lenye mabaka ni gonjwa, na ugonjwa huo unashuka kwenye kiazi bila kujionyesha. Ukishachimba, kizima na kigonjwa vina sura moja. Ukipanda lundo lote umepanda na ugonjwa, na msimu wa pili bustani nzima imejikunja. Kwa hiyo kwao Suma wanapita kwenye maua, wanachomeka kijiti penye shina zima, na siku ya kuchimba penye vijiti panachimbwa kwanza, peke yake. Hiyo ndiyo mbegu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Nilidhani ni mbuzi wa Mwakalinga. Sikudhani mtu mzima."

Kwa hiyo mke wangu kaambiwa leo. Tumpe yeye alijua tangu ile asubuhi ya mfereji. Mbuzi hawavunji vijiti vipande sawasawa.


Jumamosi, 25 Februari

Sikulala vizuri.

Mimi niliyekuwa karani miaka ishirini na sita. Nimewahi kumfokea mchuma chai mbele ya wenzake kwa kugusa kijiti cha mpaka wa sehemu yake. Kijiti! Nikaja kwangu nikang'oa vijiti vya mtu, nikachochea navyo moto wa maji ya kuoga. Nyani haoni kundule.

Nimemwambia Mama Lusajo ampelekee Tumpe maneno yangu, kwamba sikujua. Amekataa. Amesema domo lililong'oa liseme lenyewe. Nikamwambia si domo, ni mkono. Akaenda zake kuchota maji.


Jumapili, 26 Februari

Wazee walikuwa na njia. Ukitaka neno likufikie mkweo, unamwambia mnyama, naye akiwa karibu anasikia. Hujamsemesha yeye. Nilikuwa nikiwacheka wazee wale.

Baada ya ibada nilisimama nje ya ukuta wa jiko. Ndani kulikuwa na moshi na sauti ya kisu. Mbele yangu kuku mmoja mweusi, mjinga kama kuku wote. Nikakohoa. Kisu kikanyamaza. Nikamwambia kuku: "Wewe kuku, vijiti niling'oa mimi. Nilidhani ni uganga. Mara ya pili niling'oa kwa ubaya tu."

Niliona haya kuliko siku ile walipotusomea majina ya waliopunguzwa. Kuku aliondoka. Nikabaki nimesimama naongea na ukuta.

Kisha kutoka ndani, sauti ambayo sijapata kuisikia ikisema, ila ikiimba tu. Alikuwa anamwambia mtoto wake, mtoto wa miezi minane: "Mwanangu, kuku akichakura mbegu ya watu, hatumwi kifaranga kwenda kuomba nyingine."

Kisu kikaendelea.


Jumatatu, 27 Februari

Mama Lusajo amenieleza, maana nilijifanya sielewi. Binti wa Suma hupewa mbegu kwao siku anayoolewa, mara moja tu. Ya pili hakuna. Akirudi kuomba, anakitangazia kijiji kizima kwamba alikoolewa wameila mbegu, kwamba ni watu wa njaa wasiojua kutunza. Tumpe haendi. Afadhali apande lundo na ugonjwa wake, nasi mwakani tule majani.

Kama inaombwa, naomba mimi. Baba wa mume, niliyepeleka ng'ombe wa mahari pale nikiwa na kofia, nimekaa kwenye kiti cha mbele. Niende kwa mama yake Tumpe na kikapu kitupu.

Siendi.


Ijumaa, 3 Machi

Siendi. Nimepita sokoni kuangalia mbegu. Yule wa Kenya hayupo, wamesema sasa anauza mitumba. Mwingine amenionyesha viazi vikubwa, vizuri, vinang'aa. Nimekishika kimoja mkononi kwa muda mrefu. Nikamuuliza, majani yake yalikuwaje? Akanitazama kama mgonjwa. Mzee, majani yanaliwa?

Nikakirudisha.


Jumatano, 8 Machi

Tumekula viazi vya Tumpe, vya kuchemsha, na maziwa ya mgando. Vinapasuka vyenyewe. Vitamu. Nimekula vitano nikiwa na hasira.


Jumamosi, 11 Machi

Nimekwenda Suma kwa miguu, kikapu nimekifunika koti ili wanaonijua wasiulize. Wameuliza.

Mama Tumpe nimemkuta shambani. Mwanamke mfupi, kanga imefifia, mikono ya kazi. Njiani kote nilikuwa nimejiandaa kumdharau, ningepata nafuu. Amepiga magoti kunisalimu, "Mugonile, taata," nami nikaitika, nikaweka kikapu chini. Nilikuwa nimetunga maneno, ya mvua, ya ukungu, ya mbegu za siku hizi. Sikuyasema. Nilisema, "Mbegu uliyompa mwanao nimeiharibu mimi. Yeye hana kosa."

Hakucheka. Alitazama kikapu, akanitazama mimi, akasema kwake wamechelewa kupanda, viazi ndiyo kwanza viko kwenye maua, nimekuja siku nzuri. Akaenda kwenye kibanda akarudi na fungu la vijiti, akaniwekea mkononi.

"Basi, taata. Chagua."

Nikaingia kati ya matuta. Maua meupe, maua ya zambarau, mvua nyembamba. Shina hili lina majani mengi, lile machache lakini manene. Moja limeinama, pengine gonjwa, pengine upepo. Nina miaka hamsini na minane, nimezaliwa kwenye udongo huu. Nilisimama pale na vijiti vyangu, sikujua niangalie nini. Kila shina nililotaka kuchomeka nilijiona nalitaka kwa sababu ni kubwa.

Mama Tumpe hakuondoka wala hakunisaidia. Alisubiri tu mwisho wa tuta.

Mwishowe nikamwambia, "Nichagulie, mama."

Akaja. Akachukua kijiti kimoja, vingine akaniachia. Akakichomeka kwenye shina ambalo nilikuwa nimelipita mara mbili, akageuza jani moja, akasema nitazame kwa chini. Nikainama.

Viazi vya mbegu vitachimbwa mwezi wa nne. Nitavifuata mwenyewe.