Gari la Mwende

Jumapili jioni, Matinyani



Binti yangu Mwende ana miaka miwili tu, na lile gari dogo la betri alilonunuliwa na baba yake analipenda kuliko chakula. Leo tulipotoka kanisani nilimwacha aendeshe uani, mimi nimeshika rimoti. Akaelekea geti, na geti lilikuwa wazi. Nikabonyeza lisimame, halikusikia. Nikabonyeza tena na tena, na kule barabarani lori la mchanga linateremka mbio.

Nilipiga nduru. Mama mkwe, aliyekuwa akichagua ndengu, aliruka akajitupa mbele ya gari la Mwende. Likamgonga mguu, likakwama, na lori likapita.

"Susu, toka! Nataka kupita," Mwende akamwambia nyanyake.

Mama alicheka huku akilia. Mimi hata kulia nilishindwa.

Baadaye mume wangu alipiga simu kutoka mjini Wote, akauliza kama mtoto amefurahia gari. "Amefurahia sana," nikajibu. Sijui kwa nini nilimficha.

Mama, mguu umevimba, akanyoosha mkono akachukua simu. "Mwanangu, leo tungekuwa na matanga hapa. Geti niliacha wazi."

Si yeye aliyeliacha wazi. Ni mimi, na anajua.