Mkunga Anayepiga Pasi

3 Machi
Mjukuu wangu,
Hujambo huko? Mimi mzima, isipokuwa meno, nayo yalishaaga zamani. Nakujulisha kwamba kile kitabu cha ukunga ulichokisahau hapa nimekisoma chote, na sasa naweza kumzalisha mwanamke yeyote. Haya, naongopa. Niliangalia picha, na kwenye ya tatu nikakifunga, nikaenda kuota jua.
Ila barua yako ya mwisho imenitia wasiwasi. Salamu tupu, hata utani mmoja hamna. Mama yako anasema una shughuli nyingi. Mimi nasema kuna jambo. Litoe.
Babu yako

20 Machi
Shikamoo Babu,
Natumaini u mzima. Mimi si mzima sana. Asubuhi napiga pasi kwa dobi, mchana niko chuoni. Dobi mwenyewe hajui kuwa nasoma. Anasema wanafunzi huacha kazi ghafla. Juzi kwenye jaribio tuliulizwa hatua za kumpokea mtoto mchanga. Nikaandika: "Kagua mifuko, tenga nyeupe na za rangi, loweka." Mwalimu akacheka, kisha akaniuliza huwa nalala saa ngapi. Siku hizi moyo unanienda mbio hata nikiwa nimekaa tu, mikono inatetemeka, nalia katikati ya mashati ya watu. Nataka kuacha chuo. Mama asijue.
Mjukuu wako

29 Machi
Mjukuu wangu,
Pole, mama. Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Nikaenda zahanati kuuliza habari za moyo kwenda mbio. Nikaona aibu, nikasingizia goti; nikachomwa sindano ya goti lisilo na kosa. Ndipo nikasema ukweli. Daktari akaniambia wewe si mvivu wala hujarogwa: umechoka kupita kiasi, na juu yake umebeba siri. Ulale, upunguze kazi, umwone mshauri hapo chuoni.
Basi mwambie dobi. Akikufukuza, nilaumu mimi, nimeshazoea. Na chuo usikiache huku unasinzia. Lala kwanza, ndipo uamue.
Mama yako nimemwambia una mafua.
Babu yako

14 Mei
Mjukuu wangu,
Hujambo? Umekaa kimya mno. Mafua niliyokupa yamekuwa marefu, na mama yako ameanza kuniangalia kwa jicho baya. Niandikie hata kunitukana.
Babu yako

2 Agosti
Shikamoo Babu mwongo,
Samahani kwa kimya. Sikutaka kukuandikia kabla sijajua mwisho wake. Dobi nilimwambia yote. Akazima pasi. "Kumbe! Nilidhani kuna mwanamume anakuliza, nikawa namtafuta nimkomeshe!" Sasa nafanya siku tatu tu kwa wiki. Hela zimepungua, usingizi umeongezeka. Mshauri amenifundisha kusema "siwezi" bila kuomba radhi. Siku nyingine moyo bado hunienda mbio. Naungoja utulie, nao hutulia.
Jana ulikuwa mtihani wa mwisho, wa vitendo. Mama mmoja alining'ang'ania, "Usiniache, mwanangu." Nikamwambia, "Siendi popote." Mikono ilitulia tuli, Babu! Mtoto akatoka akipiga kelele kukushinda wewe. Nimefaulu!
Mjukuu wako, mkunga

9 Agosti
Mkunga wetu,
Afya yangu usiiulize, leo nina miaka ishirini. Barua yako nimeisoma kwa sauti barabarani mpaka fundi baiskeli akaacha gurudumu likizunguka peke yake. Mama yako amelia, amecheka, kisha amekumbuka mafua. Sasa nakuandikia nikiwa nimejificha kwa jirani.
Kwa uongo wote niliokutungia, una deni langu. Ukija, njoo na mkasi unikate kucha za miguu. Sizifikii tena, na kule nyumbani kila nikivua viatu watu wanakumbuka wana safari.
Babu yako