Alama ya Moto Kwenye Kiti cha Baba

Makina, Kibera
Jumanne

Dada Mutanu,

Habari za huko Kitui? Natumaini mguu wa Mama umepata nafuu na watoto hawajambo. Sisi huku tu wazima, ila mke wangu Wayua ana homa kidogo. Mvua imetunyeshea wiki nzima.

Uliniuliza neno urithi lilitoka wapi, ndio uandike kibao cha maonyesho ya shule yako. Nilimuuliza Mwalimu Wesonga, jirani yetu wa zamani aliyehamia Gatina. Alisema neno hilo tulilitoa kwa Waarabu, na mwanzoni lilihusu mali ya marehemu tu: fulani amekufa, nani achukue nini. Mambo ya ngoma na mila yaliongezwa baadaye. Nikamwambia basi watu wa zamani walikuwa wanaongea wazi. Alicheka.

Mama alinipigia Ijumaa akasema kiti cha Baba kimefika salama na basi. Alikipapasa upande wa chini mpaka akapata ile alama ya moto, ya siku Baba alikiangusha kwenye jiko, akalia. Alisema hatakubali mtu yeyote akikalie, vile Baba mwenyewe alivyokuwa anakataza.

Sasa dada, keti kwanza. Kazi yangu unaijua. Nachonga viti vya miguu mitatu, navipaka polishi ya viatu na kuvifukiza moshi, wenye maduka ya watalii waviuze kama vya kale. Tangu tumzike Baba, nilikuwa naiga kile chake, nacho kilikaa hapo hapo na vingine. Mwezi wa tatu mteja alikuja kuchukua vitano, nikamfungia mbio mbio kwenye gunia. Jioni niligeuza kilichobaki, hakina alama. Aki nilikaa sakafuni kama mjinga. Nilipompata huyo mteja, alisema vyote vilishapanda ndege.

Ulipokiitisha kwa maonyesho, niliona aibu kusema. Nilipasha msumari kwenye makaa nikakitia alama mwenyewe kile kilichobaki. Haikuchukua hata dakika mbili. Hiyo ndiyo Mama anapapasa.

Usiandike jina la Baba kwenye kibao, na tafadhali usimwambie Mama. Nakuja Jumamosi nimwambie mimi, kabla hajakizoea. Akisema kitolewe nje, nitakitoa. Ninachoogopa zaidi ni akisema kibaki.

Nisalimie Alvin na Yvonne, uwaambie mjomba anawaletea mkate.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanzia