Aliyekaribishwa Kulima

Mazingara, Alhamisi

Leo sifichi kitu, hata kinachoniaibisha.

Mwalimu wa jiografia alitupa kazi ya kulinganisha wajukuu wa watu wa Ukraine na wa Aislandi waliohamia Kanada: wamesoma kiasi gani, wana ardhi, wanaishi vizuri na majirani? Tuongeze na mfano wa hapa. Nikaandika kwetu. Babu alishuka kutoka Bungu, kwa Washambaa milimani, Mzigua mmoja wa hapa akamkaribisha kulima, na shamba hilo ndilo linalotulisha.

Mwalimu ameipenda. Jumamosi nitaisoma mbele ya wazazi na mwenyekiti wa kijiji.

Nilimwambia baba nikicheka. Akaweka jembe chini.

“Umeandika tulikaribishwa?”

“Ndiyo, baba.”

“Wajukuu wa yule Mzigua wanadai shamba ni lao, mwanangu. Sema tulinunua.”

Shuleni wenzangu hunitania, “We Mshambaa, unarudi lini kwenye baridi yako?” Nikienda Bungu, shangazi huniita Mzigua. Nilikuwa nacheka kote kuwili. Leo nimeshindwa.

Kwenye maelezo tuliyopewa, wale wa Kanada hakuna anayewauliza watarudi lini.

Nijibu kabla ya Jumamosi, daftari langu: ninaweza kuusoma ukweli wote, na bado tukabaki na shamba?