Wiki Bila Kadi ya Hauke

Jumamosi, 6 Juni

Sanduku limefungwa. Ilibidi nilikalie.

Hauke kaja kunywa chai, na bahasha yake ya kaki kwapani. Mwanangu huyu! Babake hajamaliza mwaka kaburini, yeye kashaandaa karatasi. Saini hapa mama, saini pale, akaunti nitaiangalia mimi, kadi nitaitunza mimi, wewe upumzike tu. Nipumzike na nini? Nimeendesha basi la shule miaka ishirini na sita, kwenye barafu na ukungu, sijagonga hata paka.

Nikamwambia kwanza niende Norwe, tiketi si ulizichapisha mwenyewe. Wiki moja, na meli, mimi na Theda wa nyumba ya pili. Akacheka. Eti nitachanganyikiwa na malipo, huko melini hata glasi ya maji ni kadi, nitarudi nalia. Damu ikanichemka. Nikasema haya, tuwekeane! Nikijimudu wiki nzima bila msaada wa mtu, hiyo bahasha unaichoma. Nikishindwa, nasaini palepale bandarini Kiel. Tukapeana mikono. Shahidi ni Silke, mkewe. Mdomo umejaa keki yangu ya rabarba, mboga chachu ya bustanini, kaitikia kwa kichwa tu.

Walipoondoka nikatoa noti za Enno kwenye friza, chini ya njegere. Mbili, za yuro mia tano kila moja, zimekakamaa kwa baridi. Marehemu mume wangu aliamini friza kuliko benki. Nimezianika jikoni.

Jumapili, 7 Juni

Tuko melini. Theda kachukua kitanda cha dirishani bila kuuliza. Miaka sabini na sita ile, bado ana tabia za darasa la pili.

Nilikwenda mapokezi moja kwa moja. Bwana Petkov, Mbulgaria, mpole, Kijerumani chake kizuri kuliko cha Silke. Nikampa kadi yangu ya benki – hii hii ninayonunulia mkate kila asubuhi. Mashine ikaitema. Kaijaribu tena, ikaitema tena. Kaniambia kadi za benki za kwetu hazipiti melini. Ni kadi ya mkopo, au uweke pesa taslimu hapa, unakatwa kidogo kidogo.

Kadi ni kadi! Nimemwambia hivyo. Wenzangu kwenye foleni wakanung'unika pamoja nami, nusu yao wana kadi kama yangu mkononi. Wajerumani sisi! Tunapanda meli kama tunakwenda kwa muuza nyama wa mtaani.

Halafu Petkov akatabasamu. Nisijali, tayari nimesajiliwa, kuna kadi ya mkopo kwenye jina langu. Ya nani? Ya Hauke Harms. Ebo! Kumbe siku ile aliyokuja "kunisaidia" kuchapisha tiketi, alikuwa anajichomeka. Na namba yake ya simu kaweka. Kila nikinunua kitu, yeye anapata ujumbe.

Iondoe, nikasema. Ataiondoa nikiweka taslimu. Nikamtolea noti ya Enno. Akaitazama kama samaki wa juzi. Za mia tano hawapokei, mwisho mia mbili. Si pesa halali hii? Halali kabisa, mama, lakini kwetu haipiti.

Basi hii kadi ya chumba waliyonipa, ya kufungulia mlango na kununulia, inakata kwa mwanangu. Usiku wa kwanza Theda kaagiza mvinyo, nami nikaagiza. Glasi ya pili haijafika mezani, simu inalia. Hauke. Mama, mbili kabla ya chakula?

Nikaagiza ya tatu. Wala sikuwa na kiu.

Jumatatu, 8 Juni

Bahari tupu. Chai ya melini ni ya vifuko, aibu kubwa. Nimeomba maji ya moto, nikatoa majani yangu na sukari yangu ya mawe. Mhudumu kasimama kutazama.

Leo nimekandwa mgongo kwa mawe ya moto. Kwa makusudi. Nilikuwa sijui hata kama naupenda mchezo huo – kumbe naupenda! Sijatoka mlangoni, simu. Hayo mawe ni ya dhahabu, mama? Nikamwambia ndiyo, na kesho najaribu ya almasi. Theda kacheka mpaka meno ya bandia yakamcheza.

Lakini nikikaa peke yangu sicheki. Hauke alikuwa mtoto wa kunificha maua nyuma ya mgongo. Lini kageuka karani wangu? Sikumzaa aje kunihesabia glasi.

Nitaivunja hii noti Bergen, bandari yetu ya kwanza. Nilipie vyangu kwa changu, yeye na simu yake wakae kimya.

Jumanne, 9 Juni

Bergen. Mvua, kama kawaida yao.

Nimeingia benki. Benki kubwa, ya mawe, milango ya shaba. Nimeomba wanivunjie noti. Binti wa mle ndani kasema hawana pesa. Nikadhani utani. Hawana! Hawashiki taslimu, miaka sasa. Benki isiyo na pesa – ni kama duka la mikate lisilo na unga. Nikamuuliza wanafanya nini humo siku nzima. Akasema wanatoa ushauri.

Duka la kubadilisha fedha nalo limefungwa, sasa wanauza simu. Nikabanwa na mkojo. Choo cha mjini, mlangoni kuna mashine. Kadi tu. Nimesimama na yuro elfu moja mfukoni, miguu nimeibana, siwezi kufungua mlango wa choo! Theda kagusisha kadi yake ya mkopo, mlango ukafunguka. Miaka sabini na mbili, nalipiwa choo.

Njiani kaniambia: "We Wiebke, acha ukaidi. Weka vyako vyote kwenye kadi yangu, tutamalizana nyumbani." Anasema kwa wema. Nikamkatalia. Nitoke kwa Hauke niingie kwa Theda? Tuliwekeana bila msaada, na msaada wa Theda ni msaada. Choo sikihesabu.

Jumatano, 10 Juni

Aibu ya leo sitaisahau.

Tumeingia ndani kabisa ya fiodi, mkono mwembamba wa bahari, milima pande zote, maporomoko yanamwagika, watu wote juu na kamera. Mimi na Theda tumekaa baa ya nyuma, tumeagiza kahawa na keki. Mhudumu kapitisha kadi yangu ya chumba. Mlio mbaya. Kapitisha tena. Mlio. Kasema kwa sauti, mbele ya wale watalii wa Hamburg wenye kofia zinazofanana, kwamba kadi yangu imezuiwa, nikaone mapokezi.

Uso ulinipanda moto. Nikaacha keki. Theda kataka kulipa, nikamwambia thubutu!

Petkov kaninong'oneza: kadi iliyosajiliwa imekataliwa. Hadi niweke malipo mengine, kadi ya chumba inafungua mlango tu. Na nilivyokwisha kunywa na kukandwa, yuro mia moja themanini na sita, vilipwe kabla ya Jumamosi jioni. La sivyo watampigia mwenye kadi. Ndiyo utaratibu.

Hauke kanifungia! Kaona mvinyo, kaona mawe, kakata. Anataka nipige simu nilie. Mama kashindwa, mama hana hata ya kahawa, leteni bahasha. Nakufahamu, mwanangu, ulikuwa unaninyang'anya kijiko ukiwa na miezi minane.

Sipigi. Ng'o! Nitakunywa maji ya bomba mpaka Kiel.

Alhamisi, 11 Juni

Ålesund. Theda kaenda na basi la matembezi. Mimi nimepanda ngazi za mlimani kwa miguu yangu, bure. Chakula cha melini kimeshalipiwa, kwa hiyo nakula. Nakula sana. Leo samaki sahani tatu.

Hauke hajapiga simu tangu Jumatatu. Anasubiri nivunjike. Na asubiri.

Theda karudi na habari. Kwenye basi kasikia kuwa kasino ya melini inapokea noti yoyote, hata za mia tano, wala hawaulizi. Unapewa vibao vya kuchezea. Na ukichoka kucheza unarudisha vibao, unapewa noti za kawaida! Nikamkumbatia palepale kwenye korido. Tukateremka mbio hadi kasino – mlango umefungwa. Maji ya Norwe. Sheria yao hairuhusu. Itafunguliwa Jumamosi, tukiwa bahari kuu.

Siku mbili. Na Jumamosi jioni ndiyo mwisho wangu.

Ijumaa, 12 Juni

Stavanger. Maji. Chai yangu. Theda kala aiskrimu mbele yangu, taratibu, anakilamba kijiko mpaka nyuma. Nimeangalia ndege.

Kimya cha Hauke kinanikera kuliko simu zake.

Jumamosi, 13 Juni

Wamefungua mchana, tulipokwisha kupita ncha ya mwisho ya Norwe. Nilikuwa wa kwanza mlangoni. Nimevaa gauni la bluu, nimepaka rangi ya mdomo. Kama kwenda kanisani, sema Theda anasema kanisani sipaki.

Nikaweka noti ya Enno mezani. Mama wa dirisha la malipo hata kope hakupepesa. Kainyoosha, kaimulika, kanipa vibao. Theda kaniganda mkono, tucheze kimoja, tusipocheza ni dhambi. Basi nikaweka kimoja kwenye namba ya siku ya kuzaliwa ya Enno. Gurudumu likazunguka, kikaliwa. Theda kalaani kwa Kijerumani cha pwani, wale wa Hamburg wakageuka. Nikakusanya vibao vingine vyote, nikavirudisha dirishani. Yule mama kacheka: umecheza dakika mbili, mama. Nikamwambia zimenitosha maisha yote.

Noti za hamsini, safi, mkononi! Nilitembea korido lile kama nimeshinda uchaguzi.

Petkov kazipokea. Kakata deni, kaweka iliyobaki kama akiba, kaondoa jina la Hauke. Kadi yangu ikalia mlio mzuri. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia Petkov kuwa mwanangu atanijua leo, alidhani akifunga kadi yake nitapiga magoti.

Petkov kaacha kuandika. Kaangalia kushoto, kulia. Kasema kwa kawaida hasemi mambo haya, lakini mimi ni mama. Hakuna aliyeifunga kadi. Mwenyewe akiifunga, kwao inaonyesha vingine. Hii, benki yenyewe ndiyo imekataa. Wamejaribu Jumatano, wakajaribu Alhamisi, wakajaribu jana. Wakajaribu hata kiasi kidogo kabisa, cha kahawa na keki.

Cha kahawa na keki! Hauke hana hata hicho.

Nikamshukuru. Nikaja chumbani. Theda anaimba bafuni. Mimi nimekaa kitandani na gauni la bluu, nawaza karatasi zile. Hauke alisema nisaini kabla ya mwisho wa mwezi, akarudia mara mbili. Nilidhani ni haraka zake tu. Na Silke ana jiko jipya, na mtoto wao ana farasi sasa. Nilidhani mambo yao yanakwenda.

Hasira yangu yote ya wiki nzima niipeleke wapi? Naitaka. Nilikuwa nimeizoea.

Hapana. Bado ninayo. Mwanangu kaja kwangu na bahasha badala ya kuja na mdomo. Angesema! Mama, nimekwama. Maneno mawili. Friza ilikuwa pale pale, kwenye chumba alichonywea chai.

Jumapili, 14 Juni

Kiel. Tuko ukumbi wa kusubiria, tunaitwa kwa sitaha. Theda kalala kaegemea sanduku. Jua kali.

Asubuhi Petkov kanirudishia akiba iliyobaki, na risiti inayosema sidaiwi chochote. Hiyo naiweka mkobani. Nimeshinda. Acha niandike tena: nimeshinda, mimi mwenyewe, kwa changu.

Hauke kapiga simu sasa hivi. Yuko chini, wamefika mapema. Sauti ya uchangamfu, ile ya kuuza bima. Safari ilikuwaje, na mambo ya malipo yalikwendaje, mama, nije huko mapokezi nimalize? Nikamwambia nimeshalipa. Umelipa kwa kitu gani? Kwa pesa. Pesa gani? Pesa ya karatasi, Hauke, ya baba yako.



Nikasema: nilidhani umenifungia kadi. Nilikutukana siku nne. Kumbe hukuifunga.

 Nyuma yake watu, magurudumu ya masanduku, na Silke anauliza, "Ndiye mama? Msalimie!" Hauke kajibu kwa sauti kubwa kuwa ndiye, anakusalimia. Kisha kasogea, nadhani, maana makelele yakapungua. Nilikuwa namsubiri aseme ni kosa la benki. Ningemrarua.

Kasema: "Mama. Usimwambie Silke."

Sauti ya mtoto. Simu ikakatika.

Kutoka dirishani nawaona. Silke ana maua, anapunga mkono kwa meli nzima, hajui tuko wapi. Hauke kasimama pembeni yake, bahasha kwapani. Kaja nayo! Kwa hiyo bado anataka nisaini. Sisaini. Hata apige magoti pale kwenye lami, sisaini, na neno tuliwekeana mbele ya shahidi. Akitaka pesa aniombe pesa, kwa mdomo wake, na aniambie zimekwenda wapi.

Lakini shahidi ndiye huyo huyo Silke. Atauliza nani kashinda. Lazima atauliza, anapenda mambo hayo, ataniuliza hata kabla sijateremka ngazi zote: umelipaje, mama, kadi ya Hauke ilifanya kazi?

Wameita sitaha yetu. Theda kaamka, anatafuta kiatu. Hauke kaniona sasa dirishani. Hapungi mkono. Ananitazama tu, na mimi nafunga daftari: Silke akiuliza nitasema nimelipa kwa changu, la kadi aliseme Hauke mwenyewe.