Joho la Askari wa Anga

Shoga, uko?

Wenzetu wa maombi wametoka hapa sasa hivi. Mwenyekiti alikuwa anatafuta kikombe, akafungua kabati la marehemu mume wangu. Lile la visanamu vyake vya plastiki, wale askari wa anga za juu wa sinema za zamani aliowakusanya tangu ujana.

Akatoa kimoja. "Dada, hiki kitambaa si shati la marehemu?"

Ni shati lake. Joho la kisanamu kile lilipotea zamani, na mume wangu aliniomba akiwa mgonjwa kitandani nikishonee jingine. Nilishona msiba ulipokwisha. Kosa langu ndilo hilo.

"Sanamu imevikwa nguo ya maiti." Alisema hivyohivyo, nguo ya maiti. Yaani anadai mume wangu nilimroga mimi. Eti nisiongoze sala tena mpaka nikichome.

Na wifi yangu alikuwa amekaa palepale. Wifi anakijua kile kisanamu, shoga. Joho la kwanza alilipoteza yeye wakiwa watoto, kaka yake akamtania nalo mpaka siku za mwisho. Neno lake moja lingetosha. Akaangalia sakafu, kisha akanipa kiberiti.

Kiberiti nimepewa na wifi. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Sikuchoma kitu. Askari yuko kabatini na joho lake. Kile kiberiti nimewashia jiko, napasha chai waliyoikataa. Jumapili nakuja kwenye maombi, na nitakaa mbele palepale ninapoongozea sala.